Fundi Aliyesikiliza Miguu

Jina lake nalijua na ukoo wake naujua, na vyote viwili sitavitaja. Kwetu Garissa ukimtaja mtu jina, anayesikiliza anakuuliza ni wa nani. Ukimjibu, hasikilizi tena habari yenyewe. Anaanza kukumbuka nani alichukua ngamia wa nani. Basi huyu ni Fundi. Ndivyo mtaa wetu mzima ulivyomwita miaka yote ya tisini. Vijana waliorudi kutoka Nairobi na suruali pana walimwita dijei, naye akawajibu, "Madijei ni nyinyi mnaojua kubonyeza. Mimi natengeneza mwendo."

Kiswahili changu ni cha sokoni. Nilikipata kwa kuwauzia maziwa ya ngamia walimu na askari, na kuandika nilijifunza kwenye ngumbaru, darasa la watu wazima, miezi saba tu, kisha mwalimu akahamishwa. Kwa hiyo nitasema mambo yalivyokuwa, bila kuyapaka samli.

Kazi yake ilikuwa hivi. Katika harusi zetu kuna siku ya wanawake. Wanakaa uani peke yao kuanzia baada ya sala ya alasiri mpaka karibu na magharibi, wanavua mashuka yao makubwa, wanacheza. Mwanamume haingii. Lakini mashine za muziki zinataka mtu anayezijua, na mtu huyo alikuwa mwanamume. Basi kwenye pembe ya ua lilitundikwa pazia, shuka mbili nzito zilizoshonwa pamoja, na Fundi akakaa nyuma yake na redio kaseti zake mbili na betri ya gari. Spika ndizo zilizotokezwa mbele. Kwenye ukingo wa pazia aliwekwa mwanamke mzima asiye na mzaha, aangalie lisifunuke. Mwanamke huyo nilikuwa mimi. Hawakunichagua kwa sababu napenda muziki. Muziki siupendi. Walinichagua kwa sababu hata wajukuu wangu wananiogopa.

Nilikaa kwenye kigoda, bega moja upande wake, bega moja upande wa wanawake. Kwa miaka mingi mimi peke yangu ndiye niliyeona pande zote mbili: waliocheza bila kumwona, na yeye aliyewachezesha bila kuwaona.

Watu walidhani anaweka kanda tu na kusubiri iishe. Hawakujua. Wimbo mmoja unakwenda polepole, mwingine unakimbia. Ukizima huu na kuwasha ule, katikati pana kimya, na wanawake wanasimama. Wakisimama, wanakumbuka. Huyu anakumbuka kwamba hakupewa kiti, yule anakumbuka kwamba wimbo uliokwisha ulikuwa wa watu wa mama mkwe wake, na huo unaoanza si wake. Upande mmoja unakaa, upande mwingine unainuka. Nimeona harusi zilizovunjikia kwenye kimya cha namna hiyo, kimya kisichozidi muda wa kumeza mate.

Yeye hakuacha kimya. Redio zake alizifungua mgongo. Ndani ya mota ya redio kaseti kuna skrubu ndogo kama jicho la kuku. Ukiigeuza kwa bisibisi, kanda inakwenda haraka au inakwenda polepole. Mafundi wengine waliigusa skrubu hiyo mara moja, redio ikipona basi. Yeye aliigusa alasiri nzima. Wimbo wa kwanza ukiwa unaelekea mwisho, alikuwa tayari anausikiliza wa pili kwa kisikilizio kimoja kilichomo sikioni, huku sikio lingine limebaki kwa wanawake. Anageuza kidogo, anasikiliza. Anageuza tena, kiasi cha chembe ya mchanga. Mpaka nyimbo mbili zinakanyaga pamoja kama ngamia wawili waliofungwa kamba moja. Hapo ndipo anaipandisha sauti ya huu na kuishusha ya ule, na kule mbele miguu haijui kama imevuka.

"Kila wimbo upoteze kidogo," alikuwa akisema. "Wa haraka upoteze haraka yake kidogo, wa pole upoteze upole wake kidogo. Mwenyewe asijue amepoteza. Hiyo ndiyo kazi."

Lakini kulikuwa na mpaka. Ukiivuta kanda mno, sauti inabadilika. "Mwanamume ukimkimbiza sana anakuwa mtoto," aliniambia. "Na mwanamke ukimchelewesha sana anakuwa mumewe."

Nikamwambia, "Hilo la pili halihitaji redio."

Alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda, kwa sababu nyuma ya pazia hakutakiwa kusikika.

Juu ya kanda zake hakuandika majina ya nyimbo wala ya waimbaji. Aliandika wanyama. Ngamia mwenye mzigo. Ngamia mtupu. Punda wa maji. Punda anayerudi nyumbani. Mbuzi aliyeona majani. Aliziandika kwa kalamu ya wino, kwa Kiswahili, kwa sababu alisema Kisomali chake kimejaa maneno mengi mno ya ngamia, angehitaji kanda ndefu zaidi. Mtu akija kibandani kwake kutafuta wimbo fulani wa mwimbaji fulani, alimwambia, "Niimbie." Yule anaimba kwa aibu, Fundi anafunga macho, kisha anasema, "Huyo ni punda wa maji," na kunyoosha mkono bila kuangalia.

Aliniita eedo, yaani shangazi, ingawa hatukuwa na undugu na umri wetu haukupishana sana. Ilikuwa heshima, na pia ilikuwa njia ya kunichokoza. Siku moja akaniambia kutoka nyuma ya pazia, "Eedo, mguu wako wa kushoto unapiga."

"Unafukuza siafu," nikasema.

"Siafu wa leo wana mwendo mzuri."

Nikauficha mguu chini ya kigoda.

Jambo la miguu si mzaha. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuona, alijua kila kitu kwa kusikia. Uwanja wa udongo uliomwagiwa maji una sauti yake, mkeka una sauti yake, na bangili zinasema mkono umefika wapi. Siku moja aliniita taratibu. "Kuna mmoja kule kulia, mzito. Anafika nyuma ya wenzake kila mara, halafu anajilazimisha. Mwambie akae." Nikatazama. Alikuwa mke mdogo wa jirani yetu, mwembamba kama fimbo. Nikamwita, nikamkalisha kando yangu, akaanza kulia. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na aliificha kwa sababu mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Mama mkwe wake hakujua. Mumewe hakujua. Aliyejua ni mwanamume ambaye hajawahi kumwona uso.

Na jambo la adhana. Wapiga muziki wengine, muadhini akianza, wanakata ghafla, na wanawake wanaguna kama ngamia aliyenyang'anywa maji. Fundi hakukata. Alianza robo saa kabla. Punda akawa ngamia mtupu, ngamia mtupu akapewa mzigo, wanawake wenyewe wakahisi wamechoka, wakakaa wakijipepea na kuomba chai. Adhana ikaja juu ya watu waliokwisha kaa. Wote wakasema mashallah, tumeacha kwa wakati. Hakuna aliyeambiwa aache.

Sheikh wa msikiti wetu alimkemea mara nyingi kwa kazi hiyo. Fundi alisimama mbele yake kichwa chini, akisema ndiyo sheikh, ndiyo sheikh. Kisha sheikh akamwoza binti yake. Alimtuma mtu mchana kweupe: "Yule fundi aje, lakini sauti iwe chini." Fundi akaenda, sauti ikawa chini, na sijawahi kuona wanawake wakicheza vizuri vile. Ijumaa iliyofuata sheikh akamkemea tena. Na Fundi tena kichwa chini, ndiyo sheikh.

Nyumbani kwake hapakuwa na redio hata moja. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Nikisikia muziki siusikii muziki, eedo. Nasikia unakwenda vipi. Ni kama wewe na maziwa. Unaweza kunywa maziwa bila kujua kama yametiwa maji?" Siwezi. Hakucheza hata siku moja, wala kwenye harusi ya nduguye. Na yeye aliyegawia watu mwendo alikuwa mzito kuliko kobe. Ukimwalika saa tisa alifika saa kumi na moja. Alikunywa chai ikiwa baridi. Lori la Wajir lilimwacha mara mbili akiwa amesimama pale pale barabarani, anafikiri kama apande.

Mkorofi pia alikuwa. Hakufundisha mtu kazi yake. Vijana walimbembeleza, akawapa bisibisi na kuwaambia, "Geuza mpaka usikie." Walipouliza wasikie nini, alizichukua bisibisi zake. Nilimwambia huo ni uchoyo. Akajibu kwamba si uchoyo, hajui maneno yake. Nadhani vyote viwili vilikuwa kweli.

Afisa mmoja wa polisi, mtu wa bara, alimletea kanda ya kwao akitaka ichezwe kwenye sherehe ya kumuaga mwenzake. Alitaka iwe ya haraka sana. Fundi akamjibu kwa Kiswahili chetu cha huku, "Bole bole afande, huyu mzee anaimba juu ya mama yake. Ukimkimbiza, mama anaanguka." Afisa akavua kofia, akasema basi ichezwe ilivyo. Fundi hakujua hata neno moja la lugha ile.

Sasa mkono.

Mara ya kwanza niliuona ilikuwa mwaka uliofuata ile mvua kubwa, Mto Tana ulipoingia mashambani na barabara ya Nairobi ikakatika. Alikuwa anageuza skrubu, bisibisi ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinacheza chenyewe, kama kinahesabu kitu kwa kukisugua kwenye kidole cha pili.

"Ni nini?" nikauliza.

"Baridi."

"Baridi ya Garissa? Kuku wamefungua midomo kwa joto."

 Aliukandamiza mkono chini ya goti mpaka ukatulia, akafanya haraka kabla haujaamka.

Toka siku hiyo nikawa siangalii wanawake tena. Niliangalia mkono. Mwanzo ulitetemeka ukiwa umepumzika, na ukishika bisibisi unatulia, alhamdulillahi, tukasema. Baadaye ukawa hautulii hata hapo. Alijaribu kuufunga kwa kitambaa kwenye mguu wa meza, vidole tu vikabaki huru. Alijaribu mkono wa kushoto, nao ulikuwa mjinga, ulipita kila alama. Hospitali walimpa vidonge na kumwambia aende Nairobi. Alikunywa maji yaliyosomewa. Mganga mmoja wa Modogashe alimchoma kwa chuma cha moto juu ya kiwiko, akaja harusini na kidonda kinachonuka na mkono ule ule.

Wimbo ulianza kuyumba kidogo wakati wa kuvuka. Kidogo sana. Wanawake hawakujua ni nini. Walisema tu leo joto, leo miguu mizito. Mimi nilijua. Akaniambia, "Eedo, ulilindalo hapa ni pazia. Na hili liko nyuma ya pazia." Nikamwapia kwamba sitasema. Leo nasema kwa sababu ametangulia. Nikiwa nimekosea, atanishtaki kwa Mungu, na shahidi hatahitaji.

Kisha mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe tangu anyonye, akachumbiwa. Kijana alitoka Mandera. Watu wake na watu wetu walikuwa wametoka kupatanishwa juu ya kisima kimoja, na wazee walifurahi kwamba vijana wamependana wenyewe, bila kusukumwa. Lakini furaha ilikuwa nyembamba. Kila mtu alitembea juu yake kwa vidole.

Nilimwendea Fundi kibandani.

"Tafuta mwingine," alisema kabla sijakaa.

"Hakuna mwingine."

"Yupo yule kijana wa karibu na benki."

"Yule anakata nyimbo kama mtu anayepasua kuni. Watu wa Mandera watakuwa upande mmoja na sisi upande mwingine. Unataka kimya kiingie pale katikati?"

Aliunyoosha mkono wake mbele yangu. Ulitetemeka kama jani la mgunga. "Tazama," akasema. "Usiangalie uso wangu, huu tazama."

"Nimeuona. Uliniangusha mara ngapi? Hata moja. Utacheza wewe."

"Eedo, nakuomba."

Nami nikasema neno ambalo ningelichukua tena kama maneno yangechukulika. Nilisema, "Usijifanye mgonjwa kwa harusi ya mtoto wangu."

Akaja.

Alasiri ile ilianza vizuri. Ua ulimwagiwa maji, ubani ukawashwa, mjukuu wangu akaketishwa kama malkia. Mkono ulikuwa umetulia. Alikuwa amekunywa vidonge viwili mara moja. Alivuka mara ya kwanza, alivuka mara ya pili, na mimi nikaanza kupumua. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wamechanganyika kabisa. Shangazi wa bwana harusi, mama mrefu mwenye meno ya dhahabu, alicheza katikati na dada yangu, bega kwa bega.

Shangazi huyo ndiye aliyekuja na kanda yake kutoka Mandera. Ilikuwa na wimbo wa kuwasifu watu wao, umeimbwa na mwanamke wa kwao. Fundi aliusikiliza kwa sikio moja, akaandika juu yake: punda anayerudi nyumbani. Wimbo wetu uliokuwa unachezwa ulikuwa ngamia mwenye mzigo. Ni mbali, lakini nilimwona akivuka mbali zaidi ya hapo. Akaanza kumvuta ngamia, akaanza kumzuia punda. Wakakutana. Akaipandisha sauti ya punda.

Mkono ukaamka.

Bisibisi ilikuwa bado ndani ya skrubu. Mkono uliiendesha huku na huku, na aliposhika kifundo cha mkono huo kwa mkono wa kushoto ili aung'oe, aliusukuma zaidi. Sauti ya yule mwanamke ilizama, ikawa ya mwanamume, ikawa ya ng'ombe. Ikapanda ghafla ikawa ya mtoto anayebanwa. Ikazama tena. Sifa za watu wa Mandera zilikuwa zinatoka kwenye spika mbili kubwa kama mtu anayetapika.

Mkono wangu ulitoka ndani ya shuka yangu. Ulifika nusu. Ningekishika kile kifundo, kingetulia. Mkono wangu una nguvu, umekamua ngamia tangu utotoni. Lakini alikuwa mwanamume asiye mume wangu wala ndugu yangu, na mimi nilikuwa nimewekwa pale kwa kazi hiyo moja tu, na macho ya wanawake wote yalikuwa yamegeukia pazia. Mkono ukarudi. Ningeweza kuufunika kwa ncha ya shuka nikamshika hivyo. Hilo nililifikiria siku ya tatu baada ya harusi.

Kisha wasichana wa kwetu wakacheka. Si kwa ubaya. Ni wasichana, na sauti ilikuwa ya kuchekesha. Lakini walicheka.

Shangazi wa Mandera alikuwa bado ameinua mikono. Akaishusha polepole.

"Nani yuko nyuma ya pazia?" akaniuliza.

"Fundi."

"Fundi wenu?"

"Fundi wa kila mtu, abayo, dada yangu."

"Basi aseme amefanya nini."

Kutoka nyuma sauti yake ikaja, tulivu kabisa. "Ni betri, dada. Betri imekufa. Nisamehe."

"Betri ya Garissa inajua ukoo?" shangazi akasema. "Imewabeba nyinyi saa nzima, ilipofika kwetu ikafa?"

Mjukuu wangu alinitazama kutoka kwenye kiti chake, hina ikiwa bado nyekundu mikononi. "Ayeyo, bibi yangu," alisema, "sema kitu."

Nyuma ya pazia, Fundi alikuwa ananitazama pia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika wa kulia kama mtu anayemzuia mbwa. Alitikisa kichwa mara moja.

Nikasema, "Kaeni. Chai inakuja."

"Chai!" shangazi akasema. "Siku mbili juu ya lori, tuje tufanywe ng'ombe anayelia. Chai!" Akachukua shuka yake, na watu wake wakachukua za kwao.

Wazee walikaa siku mbili. Kondoo walichinjwa. Ndoa haikuvunjika, namshukuru Mungu. Mjukuu wangu ana watoto watano na mumewe ni mtu mwema. Lakini watu wakipatana lazima kuwe na kitu cha kubeba lawama, na hawakutaka kibebwe na upande wowote. Walimbebesha Fundi. Walisema ni mtu wa dharau, amezoea kuchezea nyimbo za watu, na pande zote mbili zilikubaliana kwamba hakuna yeyote kati yao atakayemwita tena. Garissa, familia kubwa mbili zikiacha kitu, wengine hawaulizi kwa nini. Ndugu yangu aliniletea habari akiwa amefurahi. "Imekwisha vizuri," alisema. "Hakuna aliyeumia."

Nilikwenda kibandani siku hiyo hiyo. "Nifungue kiapo," nikamwambia. "Niwaambie ni mkono."

"Hapana."

"Wanakuita mtu wa dharau."

"Vizuri."

"Vizuri vipi? Una wazimu?"

Alikuwa anazipanga kanda, akazipanga tena, zikimwanguka. "Eedo, mtu wakimkasirikia bado ni fundi. Wanasema, angalia yule fundi mjeuri. Wakimwonea huruma, ni mgonjwa tu. Wataniletea uji." Akanitazama. "Wewe mwenyewe uliniambia nisijifanye mgonjwa."

 Mimi ni mtu wa majibu, wanijuao wanajua. Nilikaa pale mpaka jua likahama, nikainuka.

Nikashika kiapo. Shangazi wa Mandera alikuja tena mtoto wa kwanza alipozaliwa, tukakaa jikoni pamoja, tukakaanga nyama, na akawa mtu wa kucheka naye. Siku moja akauliza, "Yule fundi wenu mchafu bado yuko?" Nilikuwa na kijiko cha samli mkononi. Ningesema. Alikuwa mama mwenye huruma, nadhani angelia. Nikasema, "Yuko," nikaendelea kumwaga samli.

Kibanda alikifunga. Harusi zikaanza kutumia kanda zilizotoka Nairobi zikiwa zimeshachanganywa tayari, na hakuna aliyehitajika nyuma ya pazia, wala mimi kwenye ukingo wake. Upepo ukileta muziki mpaka uani kwake, alikuwa anainua kichwa na kusema, "Hapo wamejikwaa." Kisha baada ya kitambo, "Tena." Niliyasikia hayo mwenyewe, kwa sababu nilimpelekea maziwa. Maziwa hayakuwa huruma. Nilimwambia hivyo, kwamba yamebaki sokoni.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ilikuwa asubuhi, miaka hiyo ya tisini ikiwa imeshapita. Mikono yote miwili ilikuwa imekwenda, na kichwa pia kikaanza kuitikia ndiyo, ndiyo, hata asipoulizwa. Nilimkuta uani, kwenye kivuli cha mkeka, mlango wa nje wazi. Redio zake mbili alikuwa amezitoa na kuziweka mbele yake, migongo wazi, betri kando.

"Eedo, kaa," alisema. "Mkono wako umetulia. Uwe mkono wangu mara moja tu."

"Nani anacheza?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini?"

"Nataka kuvuka mara moja."

Nikakaa chini. Hapakuwa na pazia kati yetu, na sikuwahi kumwona karibu vile kwenye mwanga. Akanionyesha kwa kidevu. Nikashika bisibisi, nikaiweka kwenye skrubu ya redio ya kulia. Nyimbo mbili zilikuwa zinacheza pamoja, moja ngamia, moja punda, na kelele yake ilikuwa kama soko la mbuzi.

"Kushoto," akasema. "Kiasi cha mchanga. Umepita. Rudi. Rudi kidogo. Tena umepita."

"Sisikii tofauti."

"Utaisikia. Usisikilize mwimbaji. Sikiliza miguu yake."

"Sioni miguu yoyote, Fundi."

"Hata mimi sikuwahi kuiona."

Nikageuza. Nikarudisha. Jasho likanitoka mgongoni kama ninachota kisima. Ngamia wangu wote wananitii mkono huu, na skrubu ndogo kama jicho la kuku ilinikataa. Alikuwa anasema kushoto, kulia, kushoto, sauti yake ikizidi kuwa ndogo, na mwili wake wote ukitikisika kwa mwendo wake wenyewe, ambao hakuna skrubu iliyouhusu. Na hapo, sijui vipi, nikaanza kusikia. Kweli nilisikia. Nilisikia hatua za huyu na hatua za yule, na nikasikia kwamba hazikutani. Moja ilifika, nyingine ikafuata nyuma yake kama mtu anayechechemea. Kila nilivyogeuza, zikakaribiana, zikapitana, zikaachana.

Akafunga macho.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo, eedo. Umepata. Usiguse tena."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umetulia, kinywa kimefunguka kidogo kama mtu anayesikiliza kitu kizuri. Na kwenye spika ngamia na punda walikuwa bado wanachechemea, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilisikia. Hata mimi nilisikia.

Nikaondoa mkono kwenye skrubu, nikasema, "Alhamdulillahi."